Kutabiri Chipukizi Bora wa NBA 2025-26: mnaangalia nini zaidi ya namba ya drafti?

Kona_ya_Kushoto aliuliza:

Wakuu, msimu wa 2025-26 unaanza Oktoba 21, 2025 na nataka utabiri wangu wa Chipukizi Bora (tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza) uwe umeandikwa kabla ya mpira wa kwanza kurushwa. Karibu kila orodha inayozunguka inamweka Cooper Flagg wa Dallas Mavericks kileleni, na sababu inayotolewa ni moja tu: alichaguliwa wa kwanza kwenye drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya. Kwangu hiyo haitoshi. Msimu uliopita namba moja alikuwa Zaccharie Risacher wa Atlanta Hawks, tuzo ikachukuliwa na Stephon Castle wa San Antonio Spurs aliyechaguliwa wa nne, na hakukuwa na mvutano wowote: Castle alipata kura 92 za nafasi ya kwanza kati ya 100.

Ninachotafuta ni vigezo vya kupimika. Dakika? Pointi? Aina ya timu? Na je, ligi ya kiangazi (mashindano ya wachezaji wachanga kabla ya msimu) na mechi za maandalizi zina uzito gani? Anayejua jinsi kura zenyewe zinavyohesabiwa naye anisaidie, maana nahisi hapo ndipo watu wengi hukosea.

---

MezaYaTakwimu alijibu:

Anza na misimu kumi ya mwisho, 2015-16 hadi 2024-25. Washindi na nafasi walizochaguliwa: Karl-Anthony Towns (1), Malcolm Brogdon (36), Ben Simmons (1), Luka Dončić (3), Ja Morant (2), LaMelo Ball (3), Scottie Barnes (4), Paolo Banchero (1), Victor Wembanyama (1), Castle (4). Namba moja wameshinda mara nne kati ya kumi. Lakini angalia upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo: tisa kati ya kumi walichaguliwa ndani ya nafasi nne za juu. Drafti inakupa eneo la kutafutia, kisha inabidi ufanye kazi ndani ya eneo hilo.

Sababu si kipaji peke yake. Timu inayochagua juu kwa kawaida ni timu iliyofungwa sana, na timu iliyofungwa sana ina dakika za kugawa na haina nyota anayeushikilia mpira. Kwa hiyo unachotabiri hasa ni kazi atakayopewa mchezaji. Wawili wenye kipaji sawa, mmoja akipewa mpira na mwingine akiwekwa kona kusubiri pasi, mshindi unamjua mapema.

Dakika zinahesabika kabla msimu haujaanza. Mechi moja ina dakika 48 na wachezaji watano uwanjani, yaani dakika 240 za kugawana. Andika majina ya wote wenye uhakika wa kucheza, weka dakika za kila mmoja za msimu uliopita, punguza kwa waliozeeka au wanaotoka kwenye jeraha, kisha tazama kinachobaki kwenye nafasi anayocheza chipukizi wako. Mfano mzuri ni Dylan Harper, namba mbili, Spurs. Nafasi mbili za nyuma, za wanaopandisha mpira, zina dakika 96. De'Aaron Fox akiwa mzima anakula 34, Castle mpe 30. Zimebaki 32, na hizo anazigombania na Devin Vassell kila kocha anapoamua kucheza na kikosi cha wachezaji wafupi. Harper ni fundi kweli, ila hesabu inamwacha kwenye dakika 20 na ushei. Katika misimu hiyo kumi hakuna aliyeshinda akiwa chini ya dakika 26 kwa mechi. Brogdon aliyekuwa wa chini kabisa alicheza 26.4, Castle 26.7. Harper anahitaji mtu aumie au auzwe ndipo aingie kwenye mjadala.

Baada ya dakika, mpira. Mechi za maandalizi usihangaike na pointi. Kaa na kalamu, chukua mashambulizi 20 ya robo ya kwanza, na kila shambulizi andika mambo mawili: timu ilipodaka ribaundi ya ulinzi (mpira ambao wapinzani wameukosesha), mpira ulipelekwa kwa nani? Na chipukizi wako aligusa mpira kabla saa ya kutupa (sekunde 24 za kila shambulizi) haijashuka chini ya sekunde 14? Akigusa mapema kwenye mashambulizi 12 au zaidi, kocha anamjengea mchezo. Akigusa mapema mara tano, yeye ni wa kumalizia kazi za wengine, hata kama usiku huo amefunga 22.

Robo ya kwanza nasema kwa makusudi. Robo ya nne ya maandalizi inachezwa na watu wanaogombania mkataba. Haikuambii lolote kuhusu Novemba.

---

SentaMrefu alijibu:

Naongezea kuhusu nafasi uwanjani, maana ndugu hapo juu amelipita. Katika washindi hao kumi, masenta (warefu wanaocheza karibu na kikapu) ni wawili tu, Towns na Wembanyama, na wote wawili walivuka pointi 18 na ribaundi 10: Towns 18.3 na 10.5, Wembanyama 21.4 na 10.6 pamoja na mitupo 3.6 aliyozuia kila mechi. Senta anayefunga 14, akidaka 8 na kulinda vizuri sana, huishia nafasi ya pili au ya tatu. Evan Mobley wa Cleveland Cavaliers, 2021-22, ndiye mfano unaouma zaidi: pointi 15.0, ribaundi 8.3, mlinzi bora wa kundi lile lote, akakosa. Deandre Ayton, namba moja wa 2018, alikuwa na pointi 16.3 na ribaundi 10.3, akamaliza wa tatu nyuma ya Dončić na Trae Young.

Ulinzi wa mtu mrefu hauonekani kwenye jedwali la takwimu. Mpigakura anayetazama timu 30 hawezi kuziona mechi zote, hivyo mwisho wa siku jedwali lina nguvu. Mwenye mpira mkononi anakusanya pointi na asisti (pasi za kufungisha) kwa pamoja.

Tena usimchague mtu kwa sababu tu atafunga kuliko wenzake. 2017-18 Donovan Mitchell alifunga 20.5, tuzo akapewa Simmons mwenye 15.8, kwa kuwa Simmons alikuwa na ribaundi 8.1 na asisti 8.2 kwenye timu iliyoshinda mechi 52. 2020-21 Anthony Edwards alifunga 19.3 katika mechi zote 72 za msimu uliofupishwa, LaMelo akamshinda na 15.7 zake katika mechi 51. Edwards alikuwa anaingiza asilimia 41.7 tu ya mitupo yake, ilhali LaMelo alikuwa na asisti 6.1 na ribaundi 5.9.

---

KuraTano alijibu:

Swali la kura nalichukua mimi.

Wanaopiga ni waandishi na watangazaji wa michezo, kwa miaka ya karibuni wako 100 hivi. Kila mmoja anaandika majina matatu: wa kwanza anapata pointi 5, wa pili 3, wa tatu 1. Kura zinakusanywa msimu wa kawaida ukiisha, kwa hiyo mechi za mchujo hazihesabiwi hata kama chipukizi wako atafanya maajabu huko.

Mpango huo wa 5-3-1 una tabia yake. Mpigakura akibadilishana majina mawili ya juu, tofauti kati yao inasogea kwa pointi 4. Mwaka 2022 Barnes alipata pointi 378 na Mobley 363, tofauti 15. Kura za nafasi ya kwanza zilikuwa 48 kwa Barnes, 43 kwa Mobley na 9 kwa Cade Cunningham. Wapigakura wanne tu wa Barnes wangegeuza mpangilio wao, 4 mara 4 ni 16, tuzo ingekuwa ya Mobley. Ila miaka ya namna hiyo ni michache. Wembanyama alizoa zote 99. Banchero na Dončić 98 kila mmoja, Morant 99. Mara nyingi, mtu akishaonekana kiongozi, kura zinamiminika upande mmoja.

Ndiyo maana nauthamini sana mwanzo wa msimu. Mechi 20 hadi 25 za kwanza ndizo zinazopanga foleni kichwani mwa wapigakura, na anayeanza vibaya anahitaji kiongozi aumie ili apite. Trae Young aliwaka baada ya mapumziko ya All-Star (mechi ya nyota, katikati ya msimu) mwaka 2019, akamaliza na pointi 19.1 na asisti 8.1. Akapata kura 2 za kwanza.

Na tusichanganye: ile kanuni ya mechi 65 iliyoanza 2023-24 inahusu MVP (mchezaji bora wa ligi), timu bora za ligi, mlinzi bora na aliyepiga hatua zaidi. Chipukizi Bora haimo. Hapa mpigakura anaamua mwenyewe mechi ngapi zinatosha.

---

GotiNaKifundo alijibu:

Na huko kuamua wenyewe kuna mstari wake, ingawa haujaandikwa popote. Joel Embiid alicheza mechi 31 msimu wa 2016-17, pointi 20.2, akiwa bora kuliko chipukizi wote kwa mbali. Akawa wa tatu, na Brogdon wa raundi ya pili, mwenye pointi 10.2, akabeba. Zion Williamson, mechi 24 na pointi 22.5, naye wa tatu. Upande wa pili, LaMelo alishinda na 51 kati ya 72, na mwaka 1986 Patrick Ewing alishinda na mechi 50 kati ya 82. Kwa hesabu yangu, chini ya 45 sahau, kati ya 50 na 60 uwe umewaacha wenzako mbali, kuanzia 65 hakuna atakayekuuliza.

Kwa hiyo kabla ya kumwandika mtu, tafuta ana historia gani ya mguu, goti na mgongo, na je, timu yake ina kawaida ya kuwapumzisha wachezaji kwenye mechi za siku mbili mfululizo. Jeraha la kidole au kifundo cha mkono la kiangazi usilidharau, hasa kwa mtupaji: anarudi uwanjani kwa tarehe iliyotangazwa, ila mkono wake unarudi mwezi mmoja baadaye.

Kuna jambo lingine ambalo watu husahau wanapopanga orodha: chipukizi si lazima awe wa drafti ya mwaka huu. Aliyechaguliwa zamani akakosa msimu mzima bila kucheza hata mechi moja bado ni chipukizi. Blake Griffin alichaguliwa 2009, akashinda 2011 kwa kura zote. Simmons alichaguliwa 2016, akashinda 2018. Chet Holmgren alikosa 2022-23 yote kwa jeraha la mguu, mwaka uliofuata akawa wa pili nyuma ya Wembanyama. Akicheza hata mechi chache, nafasi imekwenda: Markelle Fultz alicheza 14 msimu wa 2017-18 na ndio ukawa mwaka wake wa uchipukizi. Pitia pia wale waliochaguliwa miaka ya nyuma wakabaki Ulaya. Wanakuja wakiwa watu wazima.

---

MstariWaTatu alijibu:

Nataka kumtetea Kon Knueppel wa Charlotte Hornets, namba nne, kwa sababu naona majina yanayotajwa ni yale yale.

Kigezo ninachokiamini kwa mtu anayetoka chuo ni asilimia ya mitupo huru (ile ya adhabu baada ya madhambi). Mstari wa pointi tatu wa chuo uko mita 6.75, wa NBA mita 7.24 ukiondoa kona. Wengi wanaoonekana watupaji chuoni wanapotea kwenye hiyo nusu mita. Mitupo ya tatu ya msimu mmoja wa chuo ni michache, mtu anaweza kubahatisha. Mtupo huru ni ule ule kila siku, hakuna mlinzi, umbali haubadiliki, kwa hiyo unakuonyesha mkono wenyewe. Knueppel akiwa chuo cha Duke aliingiza asilimia 91.4 ya mitupo huru na 40.6 ya pointi tatu. Mkono huo hautashtuka.

Na Charlotte ana LaMelo wa kumtafutia nafasi na Brandon Miller wa kuvuta walinzi. Hatahitaji kuubeba mpira dakika zote ili afunge 16.

Kuhusu ligi ya kiangazi, isome kwa tahadhari kubwa. Mwaka 2012 tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya kiangazi ya Las Vegas waligawana Damian Lillard na Josh Selby. Lillard akawa Chipukizi Bora kwa kura zote, Selby hakudumu kwenye ligi. Tazama yale yasiyotegemea wapinzani dhaifu: anafika mstari wa mitupo huru mara ngapi, anafanya madhambi mangapi, anapoteza mpira vipi akibanwa na wawili. Banchero alipiga mitupo huru 7.4 kwa mechi msimu wake wa kwanza. Mtu wa hivyo hata usiku mkono ukigoma anaondoka na pointi 15.

---

MezaYaTakwimu alijibu:

@MstariWaTatu hoja ya mitupo huru naikubali kabisa, na ningeiweka juu kuliko takwimu nyingine yoyote ya chuo. Tatizo langu kwa Knueppel ni lile lile la mpira: LaMelo, Miller na Miles Bridges wote wanataka kutupa. Ili ashinde inabidi apate dakika 30 na pengine mmoja wao akose mechi nyingi. Charlotte wamekuwa na majeraha mengi miaka hii, kwa hiyo si ndoto, ila usiweke utabiri wako juu ya jeraha la mtu.

Na chuoni mechi ni dakika 40, hapa 48. Chuoni wanacheza mechi 35 hadi 40 kwa msimu, hapa 82. Ndiyo sababu Januari na Februari watupaji wengi wachanga wanashuka. Miguu inachoka kwanza, mtupo unaanza kugonga mbele ya chuma. Mtu anayetegemea mtupo peke yake anaumia zaidi kipindi hicho kuliko anayeingia ndani na kutafuta madhambi.

---

Kona_ya_Kushoto aliandika:

Asanteni sana, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Sasa twende kwa majina. Flagg kwa vigezo hivi anasimama wapi? Na VJ Edgecombe wa Philadelphia? Pia niambieni, utabiri nifunge lini?

---

MezaYaTakwimu alijibu:

Flagg anapita kila mahali, na si kwa sababu ya namba moja. Dallas walishinda bahati nasibu ya kupanga nani achague wa kwanza wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8, kwa hiyo ameingia kwenye timu ambayo si mbovu sana, jambo ambalo kwa kawaida lingempunguzia mpira. Lakini Kyrie Irving alichana kano ya goti Machi 2025 na kurudi kwake si kwa karibu. Mchezesha timu mzoefu aliyepo ni D'Angelo Russell. Kuna pengo la mwenye mpira, na mbele kumejaa warefu, Anthony Davis, Dereck Lively, Daniel Gafford, P.J. Washington, hivyo Flagg anasukumwa pembeni na kwenye uchezeshaji. Akiwa Duke alikuwa na pointi 19.2, ribaundi 7.5 na asisti 4.2, mitupo huru asilimia 84. Anajaza jedwali pande zote, kama SentaMrefu alivyoeleza kuhusu Simmons. Dakika 32 kwake ni makadirio ya kawaida.

Hatari yake ni mbili. Kupoteza mpira, maana ana miaka 18 na atawekewa walinzi wafupi wenye mikono ya haraka tangu nusu ya uwanja. Na mgawanyo na Davis: Davis akiwa mzima mechi 65, mashambulizi mengi ya mwisho yatakuwa yake.

Edgecombe anategemea afya ya wenzake zaidi kuliko yeyote hapa. Tyrese Maxey ana mpira, hilo halina mjadala. Embiid na Paul George wakikosa mechi nyingi kama msimu uliopita, Edgecombe anaingia kwenye dakika 33 na anakuwa mfungaji wa pili. Wakiwepo, anakuwa mlinzi anayekimbia. Jeremiah Fears wa New Orleans namweka kama wa kushtukiza: Dejounte Murray bado anauguza kano ya kisigino, mpira upo wa kuchukuliwa, ila mtupo wake wa mbali haujakaa sawa.

Kwa asilimia: Flagg 50, Edgecombe 15, Knueppel 13, Ace Bailey wa Utah 6, Fears 5, Harper 5, waliobaki wote 6.

---

KuraTano alijibu:

Harper ningemshusha hadi 3 na Knueppel nimpandishe. Spurs wamechukua tuzo hii 2024 na 2025 mfululizo, lakini Castle alipata mpira zaidi baada ya Wembanyama kusimamishwa Februari kwa damu kuganda begani na Fox kufanyiwa upasuaji wa kidole Machi. Mwaka huu wote wapo, na Castle mwenyewe yupo.

Kufunga utabiri: andika wa kwanza baada ya mechi ya mwisho ya maandalizi, orodha ya walioumia ikishatoka. Kisha urekebishe mara moja tu, baada ya mechi 20. Kabla ya hapo usiguse. Mechi moja ya pointi 30 isikuhamishe. Kinachotakiwa kukuhamisha ni kocha kubadilisha kazi ya mtu. 2023-24 Spurs walianza wakimpa Jeremy Sochan uchezeshaji na mashambulizi yakakwama. Wembanyama alipohamishiwa senta Desemba, na Tre Jones akaingia kikosi kinachoanza, kila kitu kwake kilifunguka. Aliyekuwa anafuatilia nani anapandisha mpira aliliona mapema kuliko aliyekuwa anasubiri wastani upande.

Ukiona Dallas wanampa Flagg mpira wa kupandisha kwenye mechi tano za kwanza, basi 50 ya mwenzangu ifanye 60, hata kama asilimia zake za mitupo wakati huo zitakuwa mbaya.